Nyundo, Tindo na Kipande cha Reli: Historia ya Ufundi wa Chuma Nyakiyumbu

Utangulizi

Mwanafunzi wa Uganda akiulizwa historia ya madini wilayani Kasese, ataanza na Kilembe. Atasema kwamba kampuni ya mgodi iliundwa mwaka 1950, kwamba reli ya kutoka Kampala ilifika Kasese mwaka 1956, na kwamba shaba ilisafirishwa hadi Jinja kuyeyushwa. Yote hayo ni kweli, na ndivyo tulivyofundishwa. Lakini hiyo ni historia ya mgodi na wenye mgodi. Haituambii lolote juu ya mtu aliyetengeneza mlango wa chuma wa duka la Bwera, sanduku la bati analobeba mwanafunzi kwenda bweni, au sigiri inayochemshia chai sokoni Mpondwe. Mtu huyo alijifunzia wapi? Nani alimfundisha? Na kwa nini, ingawa kazi ya mikono yake imo katika kila nyumba, yeye mwenyewe huhesabiwa kuwa mtu asiyesoma?

Insha hii inajaribu kujibu maswali hayo kwa kuangalia gombolola ya Nyakiyumbu, katika Bukonzo, karibu na mji wa Bwera na mpaka wa Kongo. Nimezaliwa huko, na mjomba wangu, kaka yake mama, ni fundi wa chuma. Kwa hiyo ushahidi wangu ni wa aina tatu: yale yaliyoandikwa kuhusu eneo letu, yale niliyosimuliwa na mafundi wazee, na zana zenyewe pamoja na majina yake. Hoja yangu ni kwamba ufundi wa chuma Nyakiyumbu haukuletwa na mgodi wala na chuo. Umepita mkono kwa mkono kwa vipindi vingi, ukibadilika kila mara, na cheti ndicho kitu kipya kuliko vyote katika historia hiyo.

Chuma kabla ya mgodi

Ufuaji wa chuma katika nchi za Maziwa Makuu ni wa zamani sana. Wanaakiolojia wamechimbua tanuri za kuyeyushia chuma upande wa Kagera, Tanzania, zenye umri wa zaidi ya miaka 2000. Karibu zaidi na kwetu, Bunyoro ilijulikana kwa majembe yake. Majembe hayo yalisafiri mbali, na bidhaa mojawapo iliyobadilishwa nayo ilikuwa chumvi. Chumvi hiyo ilitoka Kibiro, kando ya Ziwa Albert, na vilevile katika ziwa la Katwe, ambalo leo limo wilayani Kasese. Mtu wa milimani aliteremka na vyakula vyake, akapata chumvi, na chumvi ikampatia chuma. Biashara hiyo haikujua mpaka. Mpaka uliopatanwa na wakoloni mwaka 1910 ndio uliowagawa watu wa milima ya Rwenzori, Wakonzo wakabaki upande wa Uganda na ndugu zao Wanande upande wa Kongo, na mto Lhubiriha ukawa alama ya kutenganisha.

Kazi za mhunzi wa zamani zilikuwa nyingi lakini zana zake chache. Alikuwa na mivukuto ya kuchochea moto wa makaa, koleo la kushikia chuma kilichowiva, nyundo, na fuawe, ambalo mara nyingi lilikuwa jiwe gumu. Kwa hizo alitoa jembe, mkuki, kisu na shoka. Mtu mmoja alikuwa mpimaji, mkataji, mfuaji na mnoaji.

Wakati wa ukoloni majembe ya kiwandani kutoka Ulaya yalianza kuuzwa kwa bei ndogo, na kazi ya kuyeyusha mawe ili kupata chuma ikafifia karibu kila mahali Afrika Mashariki. Hapa ndipo wengi huhitimisha kwamba uhunzi ulikufa. Si hivyo. Kilichokufa ni kuyeyusha. Kufua hakukufa, kulibadilisha tu malighafi. Mhunzi aliacha kutafuta mawe akaanza kutafuta vyuma chakavu, na vyuma chakavu vililetwa na walewale walioleta majembe. Hadi leo, panga nzuri kuliko zote sokoni kwetu ni ile iliyofuliwa kwa springi ya gari. Fundi huitia springi motoni mpaka iwe nyekundu, huifua, kisha huichovya makali ili yawe magumu. Mwili wa panga huachwa upoe taratibu usije ukavunjika. Ujuzi huo ni wa mhunzi wa kale, ingawa chuma ni cha lori.

Mgodi, reli na mgawanyo wa kazi

Mgodi wa Kilembe ulipoanza uzalishaji mwaka 1956, uliunganishwa na mambo mawili makubwa: reli ya Kasese na umeme wa bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954 na kuendesha mtambo wa kuyeyushia shaba Jinja. Mgodi wenyewe ulijengewa kituo chake cha umeme kwenye mto Mobuku. Katika miaka ya 1960 shaba ilikuwa bidhaa kubwa ya Uganda nchi za nje, ikifuata kahawa na pamba.

Kwa fundi wa chuma, badiliko kubwa halikuwa shaba. Lilikuwa mgawanyo wa kazi. Karakana ya mgodi au ya reli haikumtaka mhunzi anayefanya kila kitu. Ilitaka mtu wa kufunga mitambo, mwingine wa kukereza vyuma kwa mashine, mwingine wa kuchomelea, mwingine wa mabomba, mwingine wa mabati, na mhunzi akawa mmoja tu kati ya hao. Kila kazi ilikuwa na jina na mshahara wake. Na katika utaratibu wa kikoloni wa Afrika Mashariki, mishahara ilifuata rangi kabla ya kufuata ujuzi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Fundi mmoja mzee aliniambia kwamba mwalimu wake alifanya kazi Kilembe miaka mingi na kwenye karatasi hakuwahi kupita cheo cha msaidizi. "Msaidizi wa nani," aliuliza, "ikiwa bwana wake alikuwa akimwita yeye kila mashine ikikwama?"

Kauli hiyo ndiyo iliyonifanya nione kwamba tatizo la karatasi na mkono ni la zamani kuliko vyuo vyetu.

Uchimbaji ulisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, na baadaye treni nazo zikaacha kufika Kasese. Lakini kitu kimoja kilibaki mikononi mwa mafundi. Katika karakana nilizotembelea kati ya Nyakiyumbu na Bwera, fuawe la kawaida ni kipande cha reli, chenye urefu wa kutoka kiganja hadi kiwiko, kikiwa kimefungwa juu ya gogo. Mjomba alikinunua chake kwa kilo, kama vyuma chakavu vingine. Reli hufaa kwa sababu chuma chake ni kigumu na uso wake una mviringo mdogo unaosaidia kukunja. Kilichowekwa kubeba shaba kuipeleka nje sasa kinapigiwa bawaba za milango ya jirani. Sijaona ushahidi mzuri zaidi wa namna fundi anavyopokea historia.

Miaka ya uhaba

Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia. Maduka ya vifaa na karakana nyingi zilikuwa mikononi mwao, na baada ya muda mfupi vipuri, misumari, taa na sufuria vikaadimika. Mjini Kampala, mafundi wa mtaa wa Katwe walipata sifa kwa kuunda kila kilichokosekana. Msomaji asichanganye: Katwe ya Kampala ni ya chuma, Katwe yetu ni ya chumvi.

Bwera nayo ilikuwa na njia yake. Mpaka uliwekwa na serikali, lakini kahawa ilivuka kwa magendo kwenda Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, na bidhaa zikarudi kwa njia ileile. Pamoja na bidhaa yalikuja makopo. Kopo la maziwa au la mafuta likawa tadooba, ile taa ndogo ya utambi ambayo Tanzania huitwa kibatari. Pipa likawa sigiri, beseni na mlango. Fundi bati alihitaji mkasi wa bati, nyundo ndogo, msumari wa kuchorea, kipande cha bomba cha kukunjia, na risasi ya kulehemu. Mjomba alianzia hapo, akiwa kijana wa kushika bati wakati mwalimu wake anakata.

Kisha vikaja vita. Novemba 1996 waasi wa ADF walishambulia Mpondwe, na miaka iliyofuata watu wengi wa milimani walihama makwao. Mafundi wanasimulia kwamba walipoanza kurudi na kujenga upya, ombi la kwanza lilikuwa mlango wa chuma na nondo za madirisha. Mlango wa mbao ulikuwa hautoshi tena kumpa mtu usingizi. Hivyo fundi bati wengi wakajifunza kuchomelea, kwanza kwa umeme wa jenereta, na katika kizazi hikihiki ufundi ukahama tena kutoka bati hadi fremu.

Zana za mkono katika karakana ya leo

Mtu akipita barabarani huona cheche za mashine ya kuchomelea akadhani hiyo ndiyo kazi yote. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya kazi imekwisha kabla ya cheche ya kwanza. Chukua mlango. Kwanza ni kupima kwa futi kamba na kutia alama kwa chaki au kwa ncha ya msumari. Kisha ni kukata kwa msumeno wa chuma. Meno ya msumeno huelekea mbele, maana unakata ukisukuma, si ukivuta. Nyembe zake huuzwa zikiwa na meno 18, 24 au 32 kwa inchi. Fundi huchagua meno madogo kwa chuma chembamba, kwa kanuni kwamba meno matatu angalau yawe juu ya chuma wakati wote, la sivyo yatakatika. Mjomba hasomi namba hizo. Hupitisha kidole, akasema "huu ni wa bomba" au "huu ni wa nondo", na hakosei.

Baada ya kukata, chuma hufungwa kwenye jiriwa na kusawazishwa kwa tupa, ambayo nayo hula ikienda mbele tu. Pale msumeno usipofika hutumika tindo. Kichwa cha tindo kikipigwa sana huchanua kama uyoga, na fundi mwangalifu hukinoa, kwa sababu vipande vyake huruka na kutoboa jicho. Fremu ikishapangwa chini hupimwa kutoka pembe hadi pembe kwa mshazari, pande zote mbili. Vipimo vikilingana, mlango umenyooka. Visipolingana, hugongwa kwa nyundo mpaka vilingane. Hapo tu ndipo mashine huwashwa.

Sanduku la mwanafunzi lina njia nyingine. Bati lake ni jembamba mno kwa moto wa kuchomelea, kwa hiyo kingo hukunjwa zikaumana na kufungwa kwa ribiti. Tena bati lenye zinki likiunguzwa hutoa moshi unaoleta homa. Wazee waliijua homa hiyo kabla hawajajua jina la zinki. Hata hivyo si kila hatari inaheshimiwa. Nimewaona vijana wakichomelea kwa miwani ya jua, kisha usiku wanalia macho kana kwamba yametiwa mchanga.

Kazi nazo zimegawanyika kwa namna yake. Yupo anayefua majembe na mapanga, yupo wa mabati, yupo wa milango na madirisha, yupo wa baiskeli na pikipiki, na yupo anayeitwa msimu wa kahawa ukifika kurekebisha mashine za mkono za kumenyea kahawa. Lakini tofauti na mgodini, hapa mtu huhama kutoka kazi moja hadi nyingine kadiri wateja wanavyohama.

Majina ya zana kama ushahidi

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna chanzo cha historia ambacho wenzetu wa idara nyingine hukipita: maneno. Wakonzo na Wanande hawahitaji Kiswahili ili kuelewana. Wanakihitaji kwa mgeni, kwa bei na kwa zana. Na majina ya zana hayakuja siku moja.

Tabaka la kwanza ni la Kibantu. Nyundo ina ndugu zake nchi nzima ya Maziwa Makuu, na Mnyarwanda huiita inyundo. Ndani ya fuawe mna kitenzi kufua. Tindo inatokana na kutinda, yaani kukata. Tabaka la pili lilipanda kutoka pwani pamoja na biashara. Msumari, mkasi, bawaba na kulehemu ni vya Kiarabu. Karakana ni neno la Kiajemi lenye maana ya nyumba ya kazi. Parafujo na bomba ni vya Kireno. Tabaka la tatu ni la Kiingereza, lililokuja na reli, mgodi na gari: spana, drili, welda, gereji. Ukivuka mto Lhubiriha, fundi aliyesomea Kongo hukupa tabaka la nne, la Kifaransa.

Basi mlango mmoja wa chuma, wenye bawaba za Kiarabu, parafujo za Kireno, komeo la Kibantu na kazi ya welda wa Kiingereza, ni kumbukumbu ya karne tano. Na neno fundi lenyewe lina undugu na kufunda na kufunza, ambamo mwanafunzi naye amezaliwa. Lugha haikuwahi kumtenga fundi na elimu. Sisi ndio tuliowatenga.

Cheti na mkono

Mwaka 2008 Uganda ilitunga sheria ya elimu na mafunzo ya ufundi, iliyoweka mfumo wa kitaifa wa sifa za ufundi. Ndani ya mfumo huo mtu aliyejifunzia kazini anaweza kupimwa kwa vitendo na kupewa hati ya kutambua ujuzi wake bila kurudi darasani. Kwa watu kama mjomba, hilo ni jambo la maana sana.

Lakini kati ya sheria na karakana pana umbali. Miaka michache iliyopita ilitangazwa zabuni ya kutengeneza fremu za madawati. Mwombaji alitakiwa kuonyesha cheti. Mjomba hakuwa nacho, na fomu ya kuomba kupimwa aliyoletewa ilikuwa ya Kiingereza kuanzia mstari wa kwanza. Kazi ilipewa kijana mwenye cheti, na baada ya wiki moja kijana huyo alimletea mjomba vyuma vilevile ili amfanyie kwa malipo ya siku. Simlaumu kijana. Alisoma, akafaulu, na alikuwa na adabu ya kumwita mjomba "mwalimu" mbele ya watu. Ila madawati yale yana jina la mmoja na mikono ya mwingine, na fedha iligawanywa kwa kufuata jina. Niliposikia habari hiyo nilimkumbuka yule msaidizi wa Kilembe. Rangi imeondoka kwenye orodha ya mishahara, lugha ikakaa mahali pake.

Wapo watakaosema kwamba cheti kinalinda wateja, na wana haki. Fremu iliyochomelewa vibaya huvunjika chini ya mtoto, na vijana wenye miwani ya jua wanahitaji mtu wa kuwafundisha usalama. Mimi sipingi kupima. Ninahoji kinachopimwa. Mtu akiambiwa aonyeshe namna ya kukata, kupiga tupa na kunyoosha fremu, anapimwa ufundi. Akiambiwa aandike majina ya zana kwa lugha asiyofanyia kazi, anapimwa kitu kingine.

Hitimisho

Historia niliyoieleza inaonyesha kwamba ufundi wa chuma Nyakiyumbu umenusurika mara nne: ulipokufa uyeyushaji, ulipofungwa mgodi, zilipokauka bidhaa, na vilipopita vita. Kila mara uliokolewa na mtu aliyemfundisha mwingine kwa kuonyesha. Wahenga walisema ujuzi hauzeeki, lakini mwenye ujuzi huzeeka. Mafundi waliofundishwa na watu wa Kilembe sasa ni wazee, na majina mengine ya zana wanayoyatumia sikuyakuta katika kamusi yoyote niliyofungua.

Kiswahili kimekuwa katika Katiba yetu kama lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kikubaliwe kama lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Tunasherehekea maamuzi hayo kila mwaka kwa hotuba. Ninapendekeza tuyasherehekee kwa kazi ndogo inayowezekana: kila mwanafunzi wa Kiswahili anayerudi kwao likizo aende karakana moja, akusanye majina ya zana na kazi kama yanavyosemwa pale, pamoja na maelezo ya kila zana inavyotumika. Orodha hizo zikikusanywa na walimu wetu, zinaweza kuwa msingi wa mtihani wa vitendo unaoulizwa kwa lugha ya karakana. Mimi nimeanza na Nyakiyumbu. Nina maneno sitini na matatu, na mjomba ameshasahihisha saba.